Kiungo Hakipimwi Peke Yake

Imezoeleka kusemwa kwamba twiga ana moyo mkubwa kuliko kawaida ya wanyama. Sababu inayotolewa huingia akilini upesi: kichwa chake kiko karibu mita mbili juu ya kifua, damu haina budi kupanda shingo yote hiyo, basi na moyo wa kuisukuma hauna budi kuwa mkubwa mno. Vipimo vilipochukuliwa, mambo yalionekana vingine. Mwaka 2009 Graham Mitchell, mwanafiziolojia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand jijini Johannesburg, na John Skinner wa Chuo Kikuu cha Pretoria, walichapisha matokeo ya kuwapima twiga 56, kuanzia mwenye kilo 18 hadi mwenye kilo 1,500. Kwa wastani moyo wao ulikuwa asilimia 0.51 ya uzito wa mwili, kiwango kilekile cha mamalia wengine. Binadamu wa kilo 70 ana moyo wa gramu 300 hivi, yaani zaidi kidogo ya asilimia 0.4. Moyo wa twiga ni mkubwa kwa sababu twiga mwenyewe ni mkubwa. Ukiondoa hilo, uzito wake hauna la kushangaza.

Ajabu iko kwingine, na isingeonekana kama watafiti wangeishia kuuweka moyo kwenye mizani. Ukuta wa chumba cha kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, ni mnene sana, na unene wake huongezeka kadiri shingo inavyorefuka. Kiasi cha damu kinachosukumwa ni kile kinachotarajiwa kwa mamalia wa uzito huo, ila mishipa midogo ya damu inatoa ukinzani maradufu, na presha nayo inakuwa maradufu. Kwa binadamu presha ya namna hiyo ni ugonjwa: ukuta wa moyo unaongezeka unene kwa madhara, figo zinaharibika, na mwishowe moyo unachoka. Twiga anaishi nayo tangu ujana hadi uzee. Miguuni, ambako uzito wa damu ni mkubwa zaidi, ngozi yake imebana na kukaza kiasi kwamba majimaji hayapati nafasi ya kujikusanya. Na shingoni mwake mna pingili saba tu, idadi ileile iliyomo shingoni mwa binadamu na mwa panya. Hakuongezewa pingili hata moja. Zilezile saba zilirefuka.

Mfano huu unabeba hoja ya makala haya. Elimu ya kulinganisha maumbile ya wanyama na utendaji wa miili yao mara nyingi huchukuliwa kuwa ghala la maajabu: nani ana jino refu, nani ana jicho kali, nani anashinda mbio. Thamani yake halisi ni kutufundisha kwamba kiungo hakisomeki peke yake. Kipimo chochote cha mwili hakina maana mpaka kiwekwe kando ya kingine, na hata hapo lazima tuseme tunalinganisha kwa misingi gani: uzito wa mwenye kiungo, kazi ya kiungo chenyewe, au mazingira anamoishi. Johannesburg ni mahali panapofaa kuijaribu hoja hiyo. Kwa miaka mia moja iliyopita wataalamu wa jiji hilo wamepata mafanikio yaliyotikisa dunia kwa kulinganisha vizuri, na jiji hilohilo limeshuhudia madhara ya kulinganisha vibaya.

Tuchukue ubongo, kiungo ambacho binadamu hujivunia kuliko vyote. Ubongo wa tembo una kilo nne hadi tano. Wa kwetu haufiki kilo moja na nusu. Kwa uzito mtupu, tumeshindwa. Wengine husema basi tugawanye kwa uzito wa mwili, na hapo kweli tunampita tembo mbali, kwa kuwa ubongo wetu ni kama asilimia 2 ya mwili. Lakini kipimo hicho kinamweka panya wa nyumbani bega kwa bega nasi, na hakuna anayekubali kwamba panya ni mwenzetu kwa akili. Mwaka 2014 mtafiti wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, akishirikiana na Paul Manger wa Witwatersrand na wengine, alitoa hesabu ya namna tofauti. Tishu za ubongo wa tembo wa Afrika zilisagwa zikawa majimaji, kisha viini vya seli vikahesabiwa kwa darubini. Zilipatikana seli za neva bilioni 257, mara tatu ya zile bilioni 86 za binadamu. Ila asilimia 98 ya seli hizo zilikuwa katika serebela, sehemu ya kisogoni inayoratibu mienendo ya mwili. Katika gamba la ubongo, sehemu inayohusika zaidi na kufikiri na kupanga, tembo alikuwa na bilioni 5.6 dhidi ya bilioni 16 za binadamu. Watafiti wanadhani wingi ule wa kisogoni unahusiana na mkonga, kiungo kinachoweza kung'oa mti na pia kuokota punje moja ya tunda. Kumbe swali la nani ana ubongo mkubwa lilikuwa swali baya tangu mwanzo. Swali zuri ni ubongo huo umewekeza nguvu zake wapi, na kwa kazi ipi.

Usingizi unatufikisha palepale kwa njia nyingine. Tembo wanaofugwa wameonekana wakilala saa nne hadi sita kwa siku, na kwa muda mrefu hiyo ilidhaniwa kuwa desturi yao. Manger na wenzake walichukua majike wawili viongozi wa makundi katika eneo la Chobe, Botswana, wakawapandikizia kifaa kidogo ndani ya mkonga. Walifikiri hivi: mkonga wa tembo hautulii, kwa hiyo ukikaa dakika tano bila kusogea, mwenyewe amelala. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wastani wa saa mbili tu kwa siku, na kuna nyakati tembo hao walikesha kwa karibu saa 46 mfululizo, wakitembea mbali usiku, pengine kwa kukimbia simba au majangili. Msomaji makini atasema wawili ni wachache mno, tena wote ni majike wenye dhamana ya kundi. Ni kweli, na hakuna mwanasayansi mwaminifu atakayedai kwamba tembo wote wa Afrika wanalala saa mbili kamili. Lakini wawili hao wanatosha kuonyesha kwamba mnyama wa zizini na mnyama wa porini si kipimo kimoja. Mwili uleule, ukihamishwa mazingira, unatoa jibu jingine.

Somo hilo limekuwa ndilo msingi wa kazi ya wanafiziolojia wa Witwatersrand waliomfuata mwenzao Duncan Mitchell, na kisa cha kupoza ubongo ndicho kinacholieleza vizuri zaidi. Nyumbu, swala, kudu, ng'ombe, mbuzi, kondoo na karibu wanyama wote wenye kwato zilizopasuka wana wavu wa vijiateri chini ya ubongo. Damu ya moto inayopanda kutoka moyoni hupita katika wavu huo, ambao umezungukwa na damu iliyotoka puani ikiwa imepoa jinsi maji ya mtungi yanavyopoa, kwa unyevu kukauka. Damu hizo hazichanganyiki, ila joto linahama kutoka moja kwenda nyingine, na ubongo unapata damu iliyopoa kidogo. Punda milia, farasi na binadamu hawana wavu huo. Kwa miongo kadhaa vitabu vilieleza kwamba kazi yake ni kuulinda ubongo usiungue mnyama anapokimbizwa na chui kwenye jua kali. Maelezo hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na vipimo vya wanyama waliofungiwa maabara.

Katika miaka ya 1990 kikundi cha Duncan Mitchell na washirika wake kiliweka vipima joto ndani ya nyumbu weusi na swala wa Afrika Kusini, kikawaacha warudi porini. Ikaonekana kwamba mnyama anapokimbia kwa hofu, joto la mwili likiwa kileleni, upoaji ule unazimika. Unazimika wakati hasa ambapo, kwa nadharia ya zamani, ulihitajika kuliko wakati wote. Unafanya kazi mnyama akiwa ametulia kwenye joto, na hapo faida yake inaonekana kuwa maji. Sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili ikipoa, inaamuru jasho na kuhema kupungua, na mnyama anaokoa maji ambayo angeyapoteza. Kwa kondoo aina ya Dorper, watafiti wa Johannesburg walikadiria kwamba akiutumia uwezo huo ipasavyo anaweza kuokoa zaidi ya lita mbili za maji kwa siku. Mfugaji wa Dodoma au wa Kajiado anayekabiliwa na ukame ana sababu ya kuipenda hesabu hiyo. Isingepatikana kwa kumchunguza kondoo peke yake, wala kwa kumchunguza nyumbu wa maabara. Ilihitaji mwenye wavu awekwe kando ya asiye na wavu, na aliyefungwa awekwe kando ya aliye huru.

Kulinganisha kuliipa Johannesburg jina kubwa hata kabla ya vifaa hivyo kubuniwa. Raymond Dart, Mwaustralia, alifika mwaka 1923 kuongoza idara ya anatomia ya Witwatersrand. Mwaka uliofuata mwanafunzi wake, Josephine Salmons, alimletea habari ya fuvu la nyani lililotoka katika machimbo ya chokaa ya Taung, na baadaye Dart akapelekewa masanduku ya mawe kutoka huko. Ndani yake mlikuwa na uso wa mtoto na umbo la ubongo wake lililogeuka jiwe. Mtu mwingine angeona nyani mwingine tu. Dart alikuwa ameshika bongo nyingi za binadamu na za wanyama jamii ya nyani, kwa hiyo aliona mambo matatu kwa pamoja: mikunjo ya ubongo haikukaa kama ya sokwe, meno ya chonge yalikuwa madogo, na tundu la fuvu panapopita ugwe wa mgongo lilikuwa limesogea mbele. Tundu likiwa mbele, kichwa kinakaa juu ya shingo iliyosimama. Maana yake kiumbe huyu alitembea kwa miguu miwili. Tarehe 7 Februari 1925 jarida la Nature lilichapisha hoja yake na jina jipya, Australopithecus africanus.

Wakubwa wa fani mjini London walimkatalia. Arthur Keith na wenzake walisema kwamba mtoto wa sokwe hufanana na binadamu kuliko sokwe mzima, kwa hiyo fuvu la mtoto halithibitishi kitu. Pingamizi hilo lilikuwa la haki kimsingi, kwa sababu liliuliza kama vilivyolinganishwa vinalingana. Lakini wapinzani hao walikuwa wamekwisha kuyapokea mabaki ya Piltdown huko Uingereza, yenye fuvu kubwa la kibinadamu na taya la nyani, kwa kuwa yaliafiki imani yao kwamba ubongo ulitangulia kukua. Mwaka 1953 ilithibitishwa kwamba Piltdown ilikuwa ulaghai: fuvu la mtu na taya la orangutani lililokwanguliwa meno. Wakati huo suala la Taung lilikuwa limekwisha. Mwaka 1947 Robert Broom na John Robinson walipata Sterkfontein, kaskazini-magharibi ya Johannesburg, fuvu la mzima wa jamii hiyohiyo, na mwanaanatomia Wilfrid Le Gros Clark, baada ya kupima mafuvu mengi ya sokwe wa kila umri, aliunga mkono kauli ya Dart. Keith naye alikiri hadharani. Kilichoshinda ni ulinganishi mpana zaidi: wazima na watoto, sokwe na binadamu, wote mezani.

Sterkfontein ilitoa kisa kingine kinachoonyesha jinsi jicho la mlinganishi linavyofanya kazi. Mwaka 1994 Ronald Clarke, akipekua masanduku ya mifupa iliyohesabiwa kuwa ya wanyama wa kawaida, alitambua vifupa vinne vya mguu ambavyo havikuwa vya nyani. Baadaye alipata vingine vya mtu huyohuyo, pamoja na kipande cha mfupa wa muundi kilichovunjika. Mwaka 1997 aliwapa wasaidizi wake, Stephen Motsumi na Nkwane Molefe, nakala ya kipande hicho, wakaingia pangoni na taa za mkononi kutafuta ukutani mahali pa mfupa panapooana nacho. Walipapata katika siku mbili. Nyuma ya jiwe hilo palikuwa na mifupa karibu kamili ya kiumbe anayeitwa Little Foot, na kuitoa kulichukua miaka 20 hivi. Hata kifo cha mtoto wa Taung kilielezwa kwa kulinganisha: mikwaruzo na vitundu ndani ya matundu ya macho yake vinafanana na vile vinavyoachwa na kucha za tai mkubwa wa msituni kwenye mafuvu ya kima wa Afrika Magharibi.

Liko pingamizi la kwanza linalostahili jibu: mnyama si mtu, na hata mnyama mmoja si mwingine, kwa hiyo kuhamisha maarifa kutoka mwili hadi mwili ni hatari. Hatari hiyo ipo kweli, na ushahidi wake ni mzito. Diclofenac, dawa ya maumivu inayouzwa katika maduka ya dawa kuanzia Dar es Salaam hadi Johannesburg, ilitumika kutibu ng'ombe huko Asia Kusini. Tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe hao walikufa kwa figo kushindwa. Ndege hutoa uchafu wa naitrojeni kama asidi ya yuriki. Figo zikisimama, asidi hiyo hujikusanya na kuganda, na tumbusi akipasuliwa, moyo na ini lake vinaonekana vimefunikwa na utando mweupe kama chaki. Jamii tatu za tumbusi wa Asia zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 kabla ya chanzo kujulikana mwaka 2004. Lakini tazama jinsi tiba ilivyopatikana. Gerry Swan wa Chuo Kikuu cha Pretoria na wenzake waliwajaribu tumbusi wa Afrika Kusini kwa dawa nyingine, meloxicam, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba haiwadhuru. Baadaye ikaonekana kwamba aina moja ya tumbusi wa Marekani anavumilia diclofenac kwa viwango vikubwa. Waliohamisha dawa bila kulinganisha ndio walioua ndege. Waliolinganisha ndio waliookoa waliobaki. Pingamizi hili, likifuatwa hadi mwisho, linadai ulinganishi zaidi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu utu. Elimu hii ilitumika kuwapanga watu kwa daraja. Georges Cuvier, anayehesabiwa kuwa baba wa anatomia linganishi, aliupasua mwili wa Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoi kutoka Afrika Kusini, alipofariki Paris, na mabaki yake yakawekwa kwenye makumbusho. Dart mwenyewe, mwaka 1936, aliongoza msafara wa kupima miili ya watu wa Kalahari na kuchukua sura zao kwa plasta kana kwamba walikuwa masalia ya zamani. Mkusanyiko wa mifupa ya binadamu unaobeba jina lake huko Witwatersrand una mifupa ya watu zaidi ya 2,500, wengi wao wakiwa waliokufa bila ndugu wa kuwadai. Hakuna faida ya kisayansi inayofuta hayo, na chuo chochote chenye mabaki ya watu kinawajibika kueleza yalivyopatikana na kuyarudisha kwa wenyewe pale inapowezekana.

Hata hivyo, ukiangalia kosa lenyewe utaliona ni kosa la ulinganishi pia. Wapimaji wale walichukua tofauti ndogo, wakaacha kuuliza ina kazi gani, wakaipa cheo. Walipima wakiwa na jibu mfukoni. Mrithi wa Dart, Phillip Tobias, alikuwa na mafuvu na vipimo vilevile, lakini mwaka 1961, katikati ya utawala wa ubaguzi, alichapisha kijitabu cha kuonyesha kwamba dhana ya mbari haina nguvu ya kibiolojia iliyobebeshwa na wanasiasa. Baadaye alishiriki mazungumzo na Ufaransa yaliyowezesha Sarah Baartman kurudishwa nyumbani na kuzikwa tarehe 9 Agosti 2002. Jenetiki iliungana naye: mwaka 1972 Richard Lewontin alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya kila jamii, na ni sehemu ndogo tu inayotenganisha jamii moja na nyingine. Ubaguzi ulivaa koti la anatomia, na hatimaye anatomia iliyofanywa kwa uaminifu ndiyo iliyolivua.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: hakuna mwili ulio kipimo cha miili mingine, wetu ukiwemo. Twiga si mgonjwa wa presha, tembo si binadamu aliyekosa usingizi, na kondoo si nyumbu aliyefugwa. Kila mmoja amepewa karibu vifaa vilevile, moyo, figo, pingili saba, akavitumia kwa mahitaji yake. Anayekuletea habari ya ukubwa wa kiungo au nguvu ya dawa, mtake akutajie alilinganisha na nini na kwa msingi upi. Akishindwa, habari yake haijakamilika. Na kwa wanaoishi na wanyama majumbani, sheria hiyo ni ya leo hii. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha parasetamoli kama ini la mtu, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Usimpe mnyama dawa yako; mpeleke kwa daktari wa mifugo.